Jezi Mbili Nyekundu

Jumapili, 20 Novemba 2022

Padri amenishauri niwe naandika kila siku, eti moyo upate pa kupumulia. Nadhani alitegemea nitaandika sala. Mimi nataka kuandika habari za Calvin.

Mume wangu Methodius alikufa tarehe sita mwezi huu, Jumapili asubuhi, sebuleni kwa Calvin, jengo la pili kutoka letu hapa Crescent Town. Walikuwa wanatazama mpira wa Uingereza, kama walivyofanya kila wikiendi tangu tuhamie Toronto. Kwanza waliitazama Arsenal, timu ya Calvin, ikiifunga Chelsea. Kisha wakahamia kwa Manchester United, timu ya mume wangu, ikafungwa na Aston Villa. Moyo wake ukasimama mpira ukiendelea. Mimi nilikuwa Malton, kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, nabandika lebo kwenye maboksi ya watu nisiowajua. Calvin ndiye aliyepanda naye gari la wagonjwa. Mimi nilifika ameshafunikwa.

Jumamosi ya kuamkia siku hiyo nilikaanga vitumbua, nikaviacha mezani kwenye bakuli lenye kifuniko. Niliporudi kutoka hospitali bakuli halikuwepo. Katika vurugu ya msiba sikumuuliza mtu. Sijui hata kama alikula.

Sasa la Calvin. Methodius alikuwa Mngoni wa Peramiho, na watani wa Wangoni ni Wahehe. Mababu walipigana vita, wajukuu wakabaki na ruhusa ya kutukanana. Msibani mtani halii. Kazi yake ni kuwasumbua wafiwa mpaka wacheke. Bwana Kihwele, Mhehe wetu wa North York, aliifanya kazi hiyo sawasawa. Aliingia akipiga kelele kwamba Mngoni amekufa kwa kumwogopa yeye, akajilaza mlangoni tukashindwa kupita, kisha akapora mwiko wangu mkubwa wakati ugali uko motoni. Kabla ya kuanua matanga akaja kuurudisha, tukaukomboa mwiko kwa kuku na bia. Ndivyo mila inavyokwenda. Mtani anapora, mtani anarudisha.

Calvin ni Mchaga. Watani wake ni Wapare, akawachekeshe huko. Yeye na mume wangu walikuwa na utani wa mpira tu. Lakini alipoona watu wanamcheka Kihwele, naye akapandwa. Nilikuwa nimeitundika jezi ya United ya Methodius kwenye kiti chake, ile aliyokuwa akishinda nayo nyumbani wiki ya mwisho, na kwa makusudi sikuifua. Calvin akaichukua, akaivaa juu ya nguo zake, akaanza kutembea kama Methodius, tumbo mbele, mkono kiunoni, huku akiigombeza televisheni. "Jamani, huyu hakuuawa na moyo," akasema. "Kauawa na United!" Sebule nzima ikaangua kicheko. Kihwele naye akacheka. Halafu Calvin akatoka, akaingia kwenye lifti, akaenda kwake na jezi mwilini.

Hajairudisha hadi leo.

Nilitaka kulala nayo. Shuka zetu zote wanawake wa jumuiya walishazifua walipokuja kunisaidia, Mungu awabariki na awasamehe. Ile jezi ndiyo iliyobaki na harufu yake, jasho na mafuta ya karafuu aliyokuwa akijichulia mabega baada ya kazi.

Sitamwomba. Mtani haombwi. Kama alijitia mtani, basi akumbuke mwenyewe. Nitamngoja. Arsenal wamekwenda mapumziko ya Kombe la Dunia wakiongoza ligi kwa pointi tano, na Calvin anatembea kama yeye ndiye kocha. Siku watakapoanguka nitakwenda kwake na kanga nyeusi, nikae chini sebuleni pake, niwalilie Arsenal mpaka majirani wagonge ukuta.

Jumatatu, 26 Desemba

Ligi imerudi. Arsenal wameshinda. Theluji, na upepo wa kumpeleka mtu asikotaka.

Jumapili, 22 Januari 2023

Leo ilikuwa Arsenal na United, nami nimekwenda kwa Calvin kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nilimwambia binti yangu Editha kwamba nakwenda kumsalimia Gift, mke wa Calvin. Editha akaniangalia juu ya simu yake. "Mama, you hate football." Nikamwambia unayemchukia ndiye unayemjua vizuri.

Sikuiona jezi ya Methodius popote. Nilikwenda chooni, nikachungulia mpaka nyuma ya mlango. Calvin alinipokea kwa mikono miwili. "Shemeji! Karibu, karibu. Kaa kwenye kiti cha mzee." Alikiita hivyo hivyo, kiti cha mzee, mbele za watu. Nikakaa. Sikutaka mwingine akikalie.

Yeye alikuwa ndani ya jezi yake ya Arsenal, nyekundu yenye mikono myeupe, na jezi hiyo inanuka kuliko viatu vya ghalani. Gift alinieleza jikoni tukikata vitunguu. "Haifuliwi tangu siku ya Chelsea, dada. Nimemwambia haiingii chumbani kwangu. Inalala roshani, kwenye msumari."

"Hiyo ni dawa!" mgeni mmoja alipaza sauti kutoka sebuleni. "Ikiguswa na sabuni tu, kombe limekwenda!"

Wakacheka. Calvin naye alicheka, ila alikuwa ameishika kola kwa mkono mmoja kama mtu anayesikia baridi. Alipopita na sahani karibu yangu nilisikia jasho la miezi, na karafuu kwa mbali. Gift alikuwa amepika pilau.

United walitangulia kufunga. Nikapiga makofi peke yangu, kwa niaba ya aliyekuwa akikalia kiti. Mwishoni kabisa, mbili kwa mbili, Arsenal wakapata la tatu. Calvin akapiga magoti kwenye zulia, akainua mikono juu. Nilitamani zulia limmeze.

Jumamosi, 4 Februari

Everton wamewafunga Arsenal moja bila. Nimekwenda kazini nikiimba. Msimamizi akauliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Jumatano, 15 Februari

Manchester City tatu, Arsenal moja, tena nyumbani kwao. Nimefuatilia kwenye simu nikiwa nimejificha nyuma ya makontena. City siwapendi wala simjui mchezaji wao hata mmoja, lakini leo ningewapikia.

Jumamosi, 25 Februari

Arsenal wamerudi kileleni tangu wiki iliyopita. Barafu kila kona. Nimeanguka mbele ya kituo cha treni, sikuumia.

Jumamosi, 4 Machi

Bournemouth walikuwa wanaongoza mbili bila. Bournemouth, timu inayoshika mkia! Nikatoa kanga nyeusi sandukuni, nikaipiga pasi, nikajifunga mbele ya kioo. Arsenal wakarudisha moja, wakarudisha la pili, na wakati kila mtu anasubiri filimbi wakafunga la tatu. Nikavua kanga. Nje theluji ya jana imefika magotini.

Jumapili, 5 Machi

Liverpool saba, United bila.

Nilijua Calvin hatanyamaza. Kwenye kundi letu la WhatsApp, lenye nusu ya Watanzania wa mashariki ya mji huu, akaandika: "Methodius ana bahati, leo angekufa mara ya pili." Vikafuata vile vikatuni vinavyocheka hadi kutoa machozi, safu kwa safu, mpaka simu ikawa inatetemeka mezani kama ina homa.

Nimeusoma ujumbe huo nikiwa nimesimama, nimeusoma nikiwa nimekaa. Mwenzake hata miezi sita hajamaliza ardhini. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Methodius mwenyewe angecheka. Angecheka mpaka akohoe, halafu angemjibu Calvin neno la kumlaza chini. Sasa nani wa kumjibu? Mimi sina maneno ya mpira. Nina kanga tu.

Nimemwombea Calvin mabaya leo, wakati wa Kwaresma. Nimeomba kwa kutaja jina lake la ubatizo, isije ikampata Calvin mwingine.

Jumapili, 26 Machi

Baada ya Misa Bwana Kihwele alinikuta nikivaa koti. "Mke wangu," akasema, maana watani ndivyo wanavyotuita, "yule Mchaga alirudisha jezi?"

"Hajarudisha."

"He! Mtani gani huyo anajua kupora tu?"

"Usimwambie kitu. Namngoja."

"Nitamwambia. Kaingia kwenye kazi yangu bila kujifunza, akaiharibu. Hii kesi ni yangu, si yako."

Jumamosi, 1 Aprili

Asubuhi Arsenal wamewapiga Leeds nne. Mchana Gift akabisha hodi, ameshika mfuko wa zawadi wenye karatasi laini ndani.

"Dada Clementina, utusamehe sana," akasema kabla hajaketi. "Calvin hakujua kama inarudishwa. Alidhani mtani akichukua basi kaachiwa, kama kumbukumbu. Bwana Kihwele kamsema mpaka nikamwonea huruma. Anaona aibu kuja mwenyewe."

 Nikaifungua karatasi. Jezi ilikuwa imekunjwa kama ya dukani. Ilikuwa imepigwa pasi. Nikaipeleka usoni, ikanipiga harufu ya maua, maua ya chupa, yale ya dawa ya kulainishia nguo.

"Nimeifua mara mbili," Gift akasema kwa furaha. "Kwetu Mbeya nguo ya marehemu hairudishwi kwao na uchafu. Ni kukosa heshima."

Nikasema asante. Nikampa chai na mkate. Tukaongea habari za Pasaka na nani atapika nini, na wakati wote huo nilikuwa nimeipakata ile jezi kama mtoto wa mtu niliyeachiwa nimshike kidogo. Alipoondoka nikakaa chini nikainusa kila mahali, kolani, kwapani, pindoni. Hakuna kitu. Nikaigeuza ndani nje, hakuna. Sikulia hivi hata siku ya kuzika, kwa sababu siku ya kuzika nilijua bado kuna jezi mahali fulani.

Editha alinikuta hapo sakafuni. "But it's clean now," akasema taratibu. "Wasn't she being nice?"

"Amemfua baba yako," nikamwambia.

Akakaa chini pamoja nami. 

Sasa nimekwisha kunawa uso na nimefikiri. Ningoje Arsenal waanguke? Kwa nini ningoje? Calvin anayo jezi isiyofuliwa, ipo roshani, kwenye msumari. Wahenga walisema mwosha huoshwa.

Jumamosi, 8 Aprili

Imekuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Wanawake tulipangiana mapishi ya Pasaka, nami nikaomba kupikia kwa Gift, kwamba jiko langu lina hitilafu. Calvin alikuwa barabarani na lori lake. Adhuhuri Gift akaenda mazoezi ya kwaya, akaniachia masufuria, funguo za nyumba na kadi ya mashine za kufulia, kwa kuwa nilimwambia nataka kusafisha vitambaa vya meza. "Dada, sijui ningefanyaje bila wewe," akasema, akanibusu shavuni.

Nikapunguza moto chini ya maharage. Nikafungua roshani. Nikaitoa ile jezi kwenye msumari kwa vidole viwili, nimejiziba pua na kanga, nikaitia katikati ya vitambaa, nikashuka nayo chini ya jengo. Nikachagua maji ya moto kabisa. Nikamimina sabuni, na juu yake dawa ya maua, aina ile ile ya Gift, niliyoinunua wiki hii kwa kazi hiyo tu.

Shenaz aliingia wakati naitoa. Shenaz ni mwenzangu wa ghalani, Ismaili, mtoto wa Upanga, anaishi jengo hilo na ana moyo mwepesi wa kulia. Akaona kitu chekundu mikononi mwangu.

"Ya marehemu?"

"Ndiyo," nikasema.

"Pole, bana. Mimi kanzu ya baba yangu mpaka leo sijaweza kuifua. Wewe una nguvu, Mama Editha."

Niliikausha, nikairudisha kwenye msumari, nikageuza maharage. Hayakuungua. Jioni nimekwenda kwenye Mkesha, nimeshika mshumaa kama wengine.

Jumapili, 9 Aprili, Pasaka

Nyumba ya Calvin ilijaa mpaka watoto walikaa mezani. Mechi ilikuwa Liverpool na Arsenal, saa tano na nusu asubuhi kwa huku. Karibu na kuanza Calvin akaenda roshani kuchukua jezi. Mimi nilijiweka pale ninapoweza kumwona usoni.

Alikaa huko kitambo. Alipoingia hakuwa ameivaa. Aliishika mbele yake kwa mikono miwili, na uso ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa na daktari. "Nani kafua?" akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Watu wakapiga kelele za mzaha. "Yamekwisha! Kombe limefuliwa!"

"Gift," akasema. "Umefua?"

"Sijaigusa, baba. Naapa."

"Ile nyingine ulifua."

"Ile nyingine ilikuwa ya watu!"

Calvin akaingia bafuni, akajifungia. Arsenal wakafunga la kwanza, hakutoka. Wakafunga la pili, hakutoka. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akakaa pembeni na shati la kanisani. Nikajisemea, tazama mwanaume mzima anavyolilia ushirikina. Liverpool wakarudisha moja. Mwishoni wakarudisha la pili. Sare.

Nilikula pilau sahani mbili. Kristo amefufuka.

Jumapili, 16 Aprili

Arsenal waliongoza mbili bila kwa West Ham, wakakosa penalti, wakaishia sare ya mbili mbili. Kwenye kundi watu wanaandika: "Sabuni! Sabuni!" Calvin hajaandika neno.

Ijumaa, 21 Aprili

Shenaz ameniletea sahani ya Idi, biriani na vitumbua vya kwao. Vitumbua sikuvigusa. Arsenal walikuwa wanacheza na timu ya mwisho kabisa kwenye ligi, nao wametoka tatu kwa tatu. Nilicheka peke yangu jikoni, Shenaz akanitazama.

"Mimi sijui mpira," akasema, "lakini mzinga wa Arsenal naujua. Ile jezi uliyofua ilikuwa na mzinga kifuani. Marehemu wako hakuwa wa mzinga."

Nikageukia sinki.

"Gift analia kwenye lifti, Mama Editha. Mume wake hamsemeshi. Anadhani ni yeye."

"Acha alie. Mimi nililia bila lifti."

"Yule dada hakukusudia."

"Na mimi nilikusudia. Ndiyo tofauti yetu."

Akafunika biriani kwa karatasi vizuri, akaondoka bila kuniaga kwa jina.

Jumatano, 26 Aprili

City nne, Arsenal moja. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 6 Mei

Miti imeanza kutoa majani. Nimepita chini ya roshani ya Calvin, nimeona msumari mtupu.

Jumapili, 14 Mei

Sikukuu ya Mama. Editha amenipikia mayai yakaungua, tukayala. Arsenal wamefungwa tatu bila na Brighton, nyumbani kwao.

Jioni Gift alikuja. Amekonda. Alikalia ncha ya kochi kama mtu anayesubiri basi.

"Dada, nikuulize. Kwa jezi tu? Mwanaume anahamia sebuleni kwa ajili ya jezi? Nimemwambia nitakununulia mpya. Akaniambia, 'Gift, nyamaza, hujui ulichokifanya.' Na mimi sijafanya! Nimeapa kwa mama yangu. Nafikiria niende kwa dada yangu Edmonton nikapumzike."

Hapo neno lilinifika mdomoni. Lilikuwa neno dogo tu, ni mimi. Lakini nikakumbuka mfuko wa zawadi, nikakumbuka "nimeifua mara mbili," nikamimina chai. Zimebaki mechi mbili. Nilitaka Calvin alisikie siku timu yake imezikwa, mbele za watu, kama alivyonifanyia mimi. Gift avumilie wiki moja. Mimi nimevumilia majira mawili.

Alikunywa chai yote, akasuuza kikombe chake mwenyewe.

Jumamosi, 20 Mei

Nitaandika yote, hata kama mkono hautaki.

Nottingham Forest wamewafunga Arsenal moja bila, na kwa bao hilo City wamekuwa mabingwa. Filimbi ilipolia nilikuwa nimeshajifunga kanga nyeusi. Nikavaa ndani yake jezi ya Methodius, ile ya maua. Nikavuka uwanja kati ya majengo huku watoto wakinishangaa, nikapanda lifti, na mlango ulipofunguliwa nikaanza kulia kwa sauti.

"Uwiii! Arsenal wetu! Umeondoka kijana! Umetuachia nani!"

Sebule ililipuka. Bwana Kihwele alikuwepo, akashika mbavu. Nikakaa chini katikati ya zulia, nikanyoosha miguu, nikawalilia kwa mpangilio, mwezi kwa mwezi, tangu walivyokuwa wanene hadi walivyokonda Aprili. Watu walitokwa machozi ya kicheko. Calvin alikuwa kwenye kochi. Alitabasamu kidogo, kama mtu anayepokea deni lake, akasema, "Haki yako, shemeji. Haki yako kabisa."

Ningeishia hapo ningekuwa nimeshinda. Lakini sikuja kuchekesha watu.

Nikasimama. "Marehemu huyu mnataka kujua kilichomuua?" nikasema. "Si moyo. Ni sabuni. Na aliyemfua ni mimi, Clementina, mjane wa Methodius. Jumamosi Kuu, maji ya moto, dawa ya maua. Ulichukua jezi ya mume wangu ukaniletea imefuliwa. Nami nimeifua yako. Gift hana kosa."

Gift alikuwa mlangoni mwa jikoni. Akaweka mkono mdomoni. Wengine walianza kucheka, wakadhani bado ni msiba wa mchezo, kisha mmoja mmoja wakaacha.

Calvin aliinuka. Nikajiandaa kwa matusi, niliyataka sana. Akapita mbele yangu, akaingia chumbani, akarudi na jezi yake. Hakuwa ameitundika tena roshani. Ilikuwa imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, umefungwa fundo. Akafungua fundo, akaipeleka usoni, akavuta pumzi kolani, kisha begani, kisha akaigeuza ndani nje akavuta tena.

Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi sakafuni kwangu, tarehe moja Aprili. Nikaketi tena kwenye zulia kabla hajasema kitu.

"Nilikuwa nimeivaa siku ile," akasema. "Alinidondokea hapa." Akagusa kola. "Nilimkumbatia mpaka gari lilipokuja. Alikuwa ametoka kujichua, mafuta yake yalinipakaa yote hapa begani. Wao walisema haifuliwi kwa ajili ya ushindi, nikaona afadhali waseme hivyo. Ningewaambia nini? Kwamba mimi, na umri huu, kila wikiendi navaa jasho la rafiki yangu?"

 Bwana Kihwele alitazama viatu vyake.

"Na ile yenu niliichukua kwa sababu hiyo hiyo," Calvin akaendelea. "Nilifanya upuuzi pale msibani ili niitoe bila kuomba. Sikujua kama wewe nawe..." Akaanza kuikunja jezi. "Gift alipoifua niligombana naye, shemeji. Halafu nikasema, basi, angalau imebaki hii."

Karafuu. Januari niliisikia kwa pua yangu mwenyewe, nikasema ni pilau. Na Jumamosi Kuu niliziba pua.

Nilirudi nyumbani na kanga mkononi. Shenaz nilimkuta kwenye lifti, akanishika kiwiko mpaka mlangoni.

Jumapili, 28 Mei

Siku ya mwisho ya ligi. Arsenal wameshinda tano bila, na haziwasaidii chochote. United nao wameshinda.

Wiki hii nzima nilikaa na hasira yangu nisijue pa kuipeleka. Imezoea kwenda kwa Calvin, kila nikiifungulia inageuka inarudi kwangu. Kwa Gift nilikwenda Jumanne, nikapiga magoti jikoni kwake. Alinichapa kofi moja la begani kwa nguvu zake zote, halafu akaniinua. Haendi Edmonton. Calvin sijamsamehe ule ujumbe wa WhatsApp, na nimemwambia.

Leo nimekwenda mechi zilipokwisha na wageni wameondoka. Nikakaa kwenye kiti cha mzee. Calvin alikaa kwenye kochi, hana jezi, mimi sina jezi. Gift alituletea chai, akatuacha. Kabatini, nyuma ya vikombe, nikaliona bakuli langu lenye kifuniko.

"Lile bakuli ni langu," nikasema.

"Alikuja nalo yeye. Siku ile."

Nikaweka kikombe chini. Tangu Novemba nimekuwa na madai mengi kwa mtu huyu, na hili la maana sikuwahi kumuuliza.

"Nisimulie asubuhi ile," nikamwambia. "Yote. Anzia alipobisha hodi."

"Hakubisha. Alipiga mlango kwa mguu, mikono ilikuwa imeshika bakuli." Calvin akajifuta uso. "Akakaa hapo ulipokaa. Akafungua kifuniko taratibu ili nione. Akavila vitumbua vyote, kimoja kimoja, Arsenal wakicheza. Nikamwomba kimoja. Nikamwomba tena, timu yangu imeshafunga, nikadhani atalegea. Akasema, 'Hivi kavikaanga Clementina. Shabiki wa Arsenal anakula kwa macho.' Akalamba vidole."

Akanitazama, akidhani nitalia.

"Rudia," nikamwambia. "Rudia hapo alipokunyima."